Uso Wako Anao wa Ng'ambo

Mama Zaburi, jirani yangu wa ubavuni, anasema watu tuliowachora kwenye ukuta wa shule walishuka. Anasema ilikuwa saa saba mchana, jua likiwa utosini, saa ambayo hata mbuzi huacha kutafuna. Alikuwa anampelekea mjukuu wake uji shuleni, akapita nyuma ya jiko, na alipokunja kona akawakuta wamepanga foleni penye bomba: wanaume kwa wanawake, vizee kwa vijana, miguu yao bado mibichi kwa rangi, kila mmoja akimwachia mwenzake atangulie. Anasema mfua chuma alimshikia kata msuka mikeka mpaka akamaliza kunywa. Walipokwisha kunywa walirudi ukutani mmoja mmoja, kama watu wanaoingia nyumbani kwao, ila mmoja alikosea nafasi akajibana pasipo pake, na mwenye nafasi akamsogeza kwa kiwiko. Hapo ndipo alipojua kwamba si njozi, anasema Mama Zaburi, kwa sababu njozi haina kiwiko.

Nilimuuliza alikuwa amekula nini mchana ule. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe Nyamizi," akasema, "hata siku Israili akija kukuchukua utamuuliza kapita njia gani."

Simbishii. Katika mji huu nimejifunza kuliweka neno la mtu kivulini, kama chungu kibichi, nikalisubiri. Likiwa na ufa, ufa utajitokeza wenyewe.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa na majina matano, kwa maana tulikuwa watu wa namna tano: sisi wafinyanzi, walima mpunga, wachunga ng'ombe, wafua chuma na wasuka mikeka, kila watu na lugha yao, kila lugha na jina lake la mji. Mwaka wa Moshi majina yalianza kupigana kabla ya watu. Moshi ulipotulia hakuna aliyethubutu kulitamka la kwake mbele ya mwenzake, na mpaka leo ukituuliza tunatoka wapi tunanyoosha mkono tu. Katikati ya mji linapita korongo. Kila upande unauita ule wa pili ng'ambo. Nimekaa miaka mingi nikimtafuta mtu anayeishi ng'ambo, sijampata. Kila niliyemuuliza, hata nilipovuka nikamuuliza akiwa mlangoni pake, alinijibu kwamba yeye yuko huku.

Na siku zetu nazo hazikai kwenye mstari. Jumanne yaweza kuja mara mbili, Jumatano ikapotea njia. Dada yangu Milembe alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minane alipotoka nyumbani na vyungu sita kwenye mzega, vitatu mbele ya bega na vitatu nyuma, akaenda kuviuza kwenye majaruba ya mpunga. Hakurudi. Leo mimi ni mkubwa wake kwa miaka mitano. Nimempita mahali fulani njiani, wala sikumwona, na sijui sasa nimwite dada au mdogo wangu. Nasikia wenye vitabu husema muda unakwenda. Mimi naona muda ni udongo: unaweza kuukanda tena, ya jana ikawa ya kesho, ilimradi haujaingia motoni. Ukishaingia motoni ndio basi. Unakaa vile vile ulivyo, na unavunjika tu.

Ukuta ule niliukandika mimi. Nataka hilo lijulikane. Sisemi kwa kujitapa; au basi nasema kwa kujitapa, na iwe hivyo, maana mtu aliyeishia darasa la saba hapati mengi ya kujitapia. Hatua arobaini na mbili, kutoka mlango wa darasa la kwanza mpaka ofisi ya mwalimu, kimo cha mtu na nusu. Nilikanyaga udongo wa kichuguu pamoja na samadi na majani makavu, nikaulaza siku tatu mpaka ukanuka kama pombe iliyochacha, ndipo nikaupaka kwa kiganja, kipande kwa kipande, kila kipande na siku yake. Udongo una saa yake ya kupokea rangi. Ukiwa mbichi mno rangi inazama. Ukikauka, rangi inakaa juu kama poda usoni, na mvua ya kwanza inaiosha. Lakini ukiuwahi pale katikati, ukiwa na ubaridi wa pua ya ndama, unaimeza rangi wala hauitapiki tena. Hayo sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na mama, na mama alifundishwa na vyungu vilivyomvunjikia.

Aliyetuita ni Mwalimu Ndimbo, mkuu wa shule, mtu mwembamba ambaye chaki imemwingia mpaka kwenye kope. Alituma neno pande zote mbili za korongo: kila watu walete mikono na rangi, tuchore ukuta wa amani, watoto wasome chini yake. Watu wakaja. Wakaja na masizi ya sufuria, chokaa, udongo mwekundu, maji ya majani ya kunde yaliyotwangwa, na wasuka mikeka wakaja na buluu ya kufulia, vipakiti viwili, kwa ajili ya mbingu.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Kila watu walijichora wenyewe. Mzee Saning'o wa wachunga ng'ombe alianza na fahali, na fahali yule akala hatua kumi na mbili. Mkia peke yake ulifika mlango wa darasa la pili. Wafua chuma wakasema kama mambo ni hayo, nyundo yao itaingia mpaka ofisini. Walima mpunga wakapaka kijani juu ya kwato za fahali, wakidai kwamba hilo ni jaruba lao na mnyama kaingia bila hodi. Watu wakacheka. Kisha wakacheka vibaya. Kisha hawakucheka. Nikamwona mama mmoja anawakusanya wanawe kwa mikono miwili, kimyakimya, bila kuwaita majina. Namna ile ya kukusanya watoto naijua.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukandika tu. Nilikuwa nimesimama na udongo mpaka viwikoni, na sijui nani aliusukuma ulimi wangu. Niliwaambia kwamba kwetu mfinyanzi hafungi mdomo wa chungu chake. Anakianza chini, anapandisha tumbo, anapandisha shingo, na akifika pale anaita mwenzake, na mwenzake ndiye anayeuzungusha mdomo na kuufunga. Ukiufunga mwenyewe, tunasema chungu hicho kinakusikia wewe peke yako. Siku mtu mwingine akipikia, kinapasuka na mboga ndani. Niliwaambia wafute yote, nitakandika upya.

"Mtu asijichore," nikasema. "Achorwe na wa ng'ambo."

Mzee Saning'o akauliza, kama ni hivyo, yeye atachorwa na nani. Mtu akamwonyesha msuka mikeka mmoja, mama mfupi ambaye mji mzima unajua kwamba akiona ng'ombe hupanda ukuta.

"Huyu?" akasema Saning'o. "Huyu hajui hata ng'ombe anakulia wapi na kunya wapi."

"Anakokunya najua, mzee," yule mama akamjibu. "Nakanyaga mavi yake kila asubuhi mlangoni kwangu."

Hapo tukacheka vizuri.

Basi tukachorana. Na makosa yaliyofanyika pale sidhani kama yamewahi kufanyika kwenye ukuta wowote. Yule mama alimchora fahali wa Saning'o na kiwele. Saning'o alimtazama fahali wake kwa muda mrefu, akazunguka kushoto, akazunguka kulia, mwishowe akasema haidhuru, huenda wakati wa amani madume nao watakamuliwa. Sisi wafinyanzi tuliwachora walima mpunga na miguu mikavu, misafi, mpaka kikongwe wao mmoja akauliza hawa ni wakulima au ni wakaguzi wa shule. Wafua chuma waliwachora wasuka mikeka na vidole kama koleo. Hakuna kilichofutwa. Ndiyo ilikuwa sheria: aliyekuchora amekuchora.

Lakini nilikuwa natazama, kwa maana kazi yangu inanipa muda wa kutazama, na niliona jambo. Mtu akishamaliza kulicheka kosa, ananyamaza. Anabaki amesimama mbele ya sura yake. Saning'o alichorwa ameinamisha kichwa kushoto, sikio moja mbele, kama mtu anayesikiliza ukelele wa mbali. Akauliza kama ndivyo alivyo, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo. Yule mama akamwambia ndivyo anavyokuwa akipita, tangu miaka ile. Mdogo wake Saning'o alipotea katika Mwaka wa Moshi, na nadhani mzee yule hakuwa amejua kwamba mwili wake bado unamsikilizia.

Tangu hapo swali moja limenikalia kifuani kama paka. Mtu ni yupi? Ni huyu anayejijua kwa ndani, mwenye majina na njaa na kumbukumbu zake, ambaye hajawahi kuuona uso wake isipokuwa kwenye maji na kioo, tena umegeuzwa kushoto kuwa kulia? Au ni yule aliyemo machoni mwa wengine, anayepita barabarani ameinamisha kichwa bila habari? Na kama ni yule wa pili, basi mimi sijimiliki. Nimegawanyika katika macho ya watu, vipande vipande, na vipande vingine viko kwa watu walionichukia. Uso wangu anao adui yangu. Akifa, anakwenda nao.

Nani basi ana mamlaka? Nilizoea kudhani mamlaka ni panga, ni bendera, ni sauti ya redio. Siku hizi nadhani mamlaka ni kusema: wewe una sura hii. Mwaka wa Moshi ulianza hivyo. Mtu alisema wale wana sura hii, tukaamini, hatukuvuka kwenda kutazama. Na ukuta wetu unafanya kitendo kile kile! Unasema: wewe una sura hii. Tofauti ni moja, na ninaijua kwa sababu niliishika ndoo. Hapa anayechorwa anasimama pale pale, jua likimpiga, na anaweza kusema, hapana, mdomo wangu si mpana hivyo. Na anayechora inabidi ageuke amtazame tena.

Ageuke. Amtazame. Tena.

Siku ya nane watu walianza kuleta wasiokuwepo. Hakuna aliyepanga. Mfua chuma mmoja alikuja akasema angependa marehemu mkewe awemo, na kwa kuwa sheria ni sheria, alivuka korongo akatafuta mtu wa kule aliyemkumbuka mkewe. Akampata mlima mpunga aliyewahi kugombana na huyo mke sokoni juu ya ungo. Mkewe akachorwa ameshika kiuno, mdomo wazi, anagomba. Yule mwanamume alilia na kucheka kwa pamoja. Alisema kwa miaka kumi na mitatu amemkumbuka amelala kitandani anaumwa, alikuwa amesahau kwamba alikuwa mkali. Baada ya hapo kila siku watu walivuka. Walikwenda milangoni kwa wenzao wakauliza: mama yangu unamkumbuka? Mwanangu ulimwona? Na huko milangoni yalisemwa mengi ambayo hayakuchorwa. Nimeona watu ambao, wakirudi, walikaa chini katikati ya daraja. Lakini walirudi na mchoraji.

Ndipo nami nikaacha nafasi. Viganja kumi kwa upana, kimo cha msichana wa miaka kumi na saba, kati ya mke wa mfua chuma na mdogo wake Saning'o. Kwa Milembe.

Nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema hata kwa Mama Zaburi. Uso wa Milembe siujui. Nilikuwa mdogo, na popote tulipokwenda mimi nilikuwa nyuma. Nikifumba macho namwona kisogo, mabutu matatu ya nywele, mshipi wa khanga, visigino vyake vyeupe kwa vumbi, mzega ukicheza begani. Nimemjua mgongo. Picha hatukuwa nayo. Mama nikimuuliza alisema Milembe anafanana na wewe. Siku nyingine akasema hamfanani hata kidogo. Kisha miaka miwili iliyopita akafa, na uso ule akaondoka nao. Kwa hiyo hata kama sheria ingeniruhusu nimchore mwenyewe, ningechora nini? Msichana anayetoka? Sheria nimeitunga mimi, kwa kinywa changu, na imerudi kunifunga mimi wa kwanza. Sikulalamika. Nilitaka tu mtu mmoja wa ng'ambo aje aseme: nilimwona.

Nilivuka. Niligonga milango kumi na tisa ya walima mpunga. Waliniambia karibu, wakanipa maji, wakasema hawamkumbuki. Wawili walisema hivyo kabla sijamtaja jina.

Siku hizo ndipo kulipotokea fujo la chungu. Mlima mpunga mmoja, mwanamke aitwaye Leokadia, mtu mzima wa makamo, asiyezungumza sana, alipewa kutuchora sisi wafinyanzi. Alichora mwanamke wa kwetu amejitwisha chungu, amesimama ukingoni mwa korongo. Mkono wake mzuri, sijaona mkono kama ule: mstari mmoja, na unajua goti linauma. Ila chungu kile alikigeuza. Mdomo chini, kitako juu.

Kwetu hakuna mwanamke anayebeba chungu namna hiyo isipokuwa ana tanzia. Akitokea mtu na chungu kilichopinduliwa kichwani, hakuna haja ya kuuliza. Unavua viatu unamfuata. Wamama wa kwetu walipokiona walipiga yowe. Walisema huu ni ukuta wa amani au ni wa kututabiria? Walisema mlima mpunga yule ama ni mjinga ama ana kisirani, na mmoja alikwenda kuchukua kisu cha kukwangulia. Leokadia aliiweka brashi yake ya katani chini, akaondoka kuelekea darajani, wala hakukimbia.

Mimi nilisimama kati ya kisu na ukuta. Niliwaambia hakifutwi. Waliniambia mambo ambayo sitayaandika. Niliwauliza swali moja tu: mara ya mwisho watu wa kule kututazama kwa makini, sisi tulikuwa tumebeba nini, na tulikibebaje? Kisu kilirudi jikoni. Huyu hakukosea, niliwaza. Hii ndiyo sura yetu iliyobaki kwake. Tulikuwa tunamlaumu mtu kwa kutuona.

Siku sita zikapita na Leokadia hakuonekana. Na udongo wa nafasi yangu ulikuwa unakufa. Unaweza kuuweka macho kwa siku chache, ukiufunika gunia lililoloweshwa, ukaunyunyizia maji kila jua likipanda. Lakini ukizidisha unachacha, unaachana na ukuta, unaanguka wote. Nilijua nina mpaka Ijumaa asubuhi. Na Ijumaa ndiyo siku wageni wa shule walikuwa wanakuja kuufungua ukuta rasmi.

Alhamisi Mwalimu Ndimbo alikuja akasimama pembeni yangu na mikono mgongoni. Alisema kwa upole kwamba nafasi ile inaonekana kama jino lililong'oka. Alisema ana wazo la njiwa mweupe, mbawa zimetanuka, na jina la shule chini yake. Nilimwambia njiwa sio mtu wa hapa.

"Nyamizi, hii ni shule," akasema. "Watoto wanataka kitu cha kufurahisha macho."

"Mwalimu, watoto wameshaanza kuuliza ni ya nani. Nimewasikia. Wanakaa hapa mapumziko wanabishana alikuwa mrefu kiasi gani."

Alifuta miwani yake, akaivaa, akaifuta tena. Mwalimu Ndimbo si mtu mbaya. Alisema atanipa mpaka kengele ya asubuhi. Baada ya kengele, njiwa. Kisha akautazama ukuta mzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, nami nikautazama pamoja naye, na nakiri kwamba kwa kitambo kile niliisahau nafasi yangu. Hatua arobaini na mbili bila ufa mmoja. Fahali mwenye kiwele. Wakulima wenye miguu ya wakaguzi. Mke wa mtu anagomba kuhusu ungo, na anapendeza. Watu mia moja na kumi na wanane, hakuna hata mmoja aliyejichora, na hakuna hata mmoja aliyependezwa kikamilifu, na kila mmoja yuko pale kwa sababu mtu wa ng'ambo hakuchoka kugeuza shingo. Nilisikia kifua kinapanuka. Nikasema moyoni, huu umesimama, na mikono iliyousimamisha ni hii.

Alasiri, watoto wakiwa wamekwenda makwao, Leokadia akaja. Alikuja peke yake kutoka darajani, akapita mbele yangu bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa mwanamke wake wa chungu. Alipoona kipo, mabega yalimshuka.

"Hamjakifuta," akasema.

"Hatufuti, dada."

"Nilijua nitakuta mmekwangua."

Nikamwambia walitaka. Nikamuuliza kama anajua kwetu chungu cha namna ile maana yake ni nini. Akasema maana haijui. Anachokijua ni alichokiona. Akaanza kunisimulia kwa lugha ya sokoni, ile tunayosemeana wote, taratibu, akiwa bado anautazama ukuta. Katika Mwaka wa Moshi, alisema, alimwona mwanamke mmoja wa kwetu anakuja ukingoni mwa korongo, chungu kichwani kimepinduliwa, anasimama pale tangu asubuhi mpaka jua linashuka, anatazama majaruba. Hakuita. Hakulia. Kesho yake akaja tena. Kesho kutwa tena. Na yeye Leokadia siku zote tatu alikuwa upande wa pili, amelala kifudifudi ndani ya mpunga, anamwona vizuri kabisa.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kama ninavyosikiliza watu wote.

"Huyo alikuwa mama yangu," nikasema.

"Najua. Mnasimama namna moja." Akageuka, kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, na akawa anatazama muda mrefu, kama mtu anayelinganisha vitu viwili. Kisha akasema, "Yule binti wa vyungu alikaa kwangu siku mbili. Ghalani."

Siku mbili. Nilizisikia zikiingia, moja, kisha nyingine, kisha mlango ukabaki wazi. Siku ya tatu ilikuwa imesimama pale kati yetu kama mtu wa tatu, imebeba kila kitu: nani aliingia, nani alielekeza, nani alinyamaza, kama alipiga kelele, kama alilala, yuko shamba gani. Ningeweza kuuliza. Nina haki ya kuuliza, hakuna mtu katika mji huu ambaye angenikatalia haki hiyo. Na nilimwona anaisubiri, amejikaza shingo, kama mnyama anayejua kisu kiko wapi. Huenda ndiyo sababu hasa aliyovukia. Nikaona kwamba mkononi mwangu nina mamlaka ambayo sijawahi kuwa nayo maishani: nikiuliza, atakuwa mtu wa siku ya tatu mpaka afe, hiyo ndiyo itakuwa sura yake, nami ndiye nitakuwa nimemchora.

Sikuuliza siku ya tatu. Labda nitauliza. Labda nimekwisha kuuliza, Jumanne moja ambayo haijafika. Lakini pale nilifikiri hivi: mtu huyu alikaa siku mbili ghalani uso kwa uso na dada yangu. Alimpa chakula, lazima alimpa chakula. Alimwona anakula. Alimwona macho gizani yakizoea. Mimi, wa tumbo moja naye, nina mgongo. Yeye ana uso.

Nikaliondoa gunia. Udongo ulikuwa umeanza kupauka pembeni, katikati bado una ule ubaridi. Nikauweka mkono wa Leokadia juu ya udongo, ausikie mwenyewe. Hakuutoa. Nikachukua brashi ile ile ya katani aliyoiacha, niliyokuwa nimeiosha na kuihifadhi, nikaichovya kwenye masizi, nikampa, akaipokea.

Nilimwomba kwa lugha ya sokoni. Brashi haikusogea. Basi nikamwomba kwa lugha yao, walima mpunga, lugha ambayo kwetu hakuna aliyeitamka kwa sauti tangu moshi, ambayo niliiokota neno moja moja kwenye milango kumi na tisa, na najua niliiharibu.

"Dada Leokadia," nikasema, "nichoree uso wake. Hata kama ulikuwa na hofu. Uchore na hofu yake."

Masizi yakadondoka kutoka kwenye brashi, yakamwangukia juu ya mguu. Alikuwa anautazama udongo. Ukingo ule uliopauka ulikuwa umeongezeka upana wa kidole kimoja.